Fununu, Shaka na Tuhuma

Neno la Kiingereza “inkling” wengine hulifasiri kwa shaka, wengine kwa tuhuma. Twaona wote wamepita kiasi. Neno hilo latokana na kitenzi cha zamani chenye maana ya kutaja jambo kwa sauti ya chini. Kwa hiyo jamaa yake wa karibu kwetu ni fununu, habari ya minong'ono. Ila fununu hutoka vinywani mwa watu, na “inkling” yaweza kuzuka moyoni, hapo na tuseme, “Nalihisi.” Mwalimu akiandika, “Nalipata fununu kwamba fulani amekichukua kitabu,” bado anauliza, akiandika, “Namtuhumu fulani,” amekwisha kumshitaki. Mfasiri asiyepima maneno haya aweza kumwonea mtu kwa kalamu tu, hali mwandishi wa kwanza hakumshitaki yeyote.