Iangalie Hamu Mpaka Ipite? Hotuba Tamu, Ushahidi Mwembamba

Kama unavuta sigara, au una mtu wako anayevuta, huenda umeshatumiwa ile video. Daktari wa magonjwa ya akili kutoka Marekani, Judson Brewer, anasimama kwenye jukwaa la TEDMED mwaka 2015, na kwa muda usiofika dakika kumi anaeleza kwamba unaweza kuacha sigara kwa kuichunguza. Usijilazimishe kuacha, anasema. Vuta, lakini akili yako yote iwe pale: inanukaje, ladha yake ikoje, mwili unasikia nini. Mshiriki mmoja wa mafunzo yake alifanya hivyo, akagundua sigara inanuka kama jibini bovu. Ukumbi unacheka.

Mimi nilionyeshwa na dereva wa bodaboda, kijiweni hapa Bagara, mjini Babati. "Msomi," akaniuliza, "hii kitu ni kweli au ni maneno matamu tu? Mimi nimejaribu mara tatu. Labda kichwa changu ndo kibovu."

Hilo la kichwa kibovu ndilo lililonifanya nikakae na tafiti zenyewe. Haya ndiyo majibu yake, na yako pia.

Tuanze na haki yake Brewer, maana wazo lenyewe si la kipuuzi. Mtu anapata msongo, anawasha fegi, anatulia kidogo. Ubongo unajifunza: msongo ukija, washa. Ukirudia mara elfu kadhaa, mkono unaenda mfukoni wenyewe. Meditesheni ya aina hii, yaani kutulia na kutazama kinachoendelea mwilini na akilini bila kukipinga wala kukifuata, inajaribu kukata mnyororo huo katikati. Hamu inakuja, unaiona, unajua iko kifuani au kooni, unapumua, inapanda, inashuka. Hukuwasha.

Kuna dalili kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 2009 Sarah Bowen na Alan Marlatt walichapisha jaribio la wanafunzi 123 wa chuo waliokuwa wavutaji. Waliofundishwa kwa kifupi kuitazama hamu kama wimbi walivuta sigara chache zaidi katika siku saba zilizofuata kuliko wenzao. Lakini hamu yenyewe haikuwa pungufu kuliko ya wenzao. Hawakuponywa hamu, walijifunza tu kutoitii kila inapoita. Hilo ni jambo kubwa, ila si lile unaloahidiwa jukwaani, kwamba ukishaichunguza sigara uchawi wake unakwisha.

Sasa twende kwenye namba. Brewer anasema kwenye hotuba kwamba mafunzo yake yalifanya vizuri mara mbili kuliko tiba bora iliyokuwepo. Utafiti anaousimamia ulitoka mwaka 2011. Watu 88, wastani wa sigara 20 kwa siku, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifundishwa meditesheni, jingine likapewa programu ya kawaida ya Chama cha Mapafu cha Marekani. Wote walikutana mara nane katika wiki nne. Mafunzo yalipoisha, asilimia 36 ya kundi la meditesheni walikuwa wameacha, dhidi ya asilimia 15. Kufikia wiki ya 17, ilikuwa 31 kwa 6.

Namba zinavutia, sibishi. Lakini piga hesabu nami. Watu 88 kwenye makundi mawili ni kama 44 kila upande. Pengo la asilimia 25 hapo ni watu kama kumi na mmoja. Wajaze kwenye Noah moja tu, utafiti wote unayumba. Matokeo ya namna hiyo ni sababu ya kufanya utafiti mkubwa zaidi, hayatoshi kuutangazia ulimwengu kwamba dawa imepatikana.

Na tafiti nyingine zilifanyika. Mafunzo yakawekwa kwenye programu ya simu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020, Brewer mwenyewe akiwa miongoni mwa waandishi. Kundi la kulinganisha halikufundishwa meditesheni. Simu iliwauliza tu, mara kadhaa kwa siku, wanajisikiaje na wamevuta ngapi. Baada ya miezi sita, walioacha kwenye kundi la meditesheni walikuwa asilimia 9.8. Wale wa kuulizwa tu? Asilimia 12.1. Kitakwimu hakuna tofauti. Nampa heshima kwa kuyachapisha, maana wengi wangeyafungia kabatini. Tatizo ni kwamba video bado inazunguka vijiweni na utafiti huu hauzunguki.

Mwaka 2022 wachambuzi wa Cochrane walikusanya tafiti 21 zenye washiriki 8,186. Hawakuona faida iliyo wazi ya meditesheni katika kuacha sigara, na ushahidi wenyewe wakauona hafifu. Tuelewane: hawakusema imethibitika haifai. Wamesema anayedai inafaa bado hana cha kuonyesha.

Kwangu mimi, kosa kubwa la hotuba ile ni kile isichokitaja. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu baada ya kuvuta, na ikipungua mwilini arosto inaanza: hasira, kukosa usingizi, akili kutotulia. Huo ni mwili unaodai, sio uvivu wa kutafakari. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unapendekeza ushauri pamoja na dawa: plasta au chingamu za nikotini, vareniklini, bupropioni au sitisini. Ukimwambia mtu tiba yote iko kichwani mwake, siku akishindwa atalaumu kichwa chake. Dereva wetu alishafika huko.

Na mazingira je? Kijiweni unakaa tangu alfajiri yenye baridi, abiria hawaji, jirani anawasha, anakukatia. Fegi moja moja zinauzwa hatua kumi kutoka ulipoegesha. Mbali kidogo kuna mzee na kopo lake la ugoro, ambaye hotuba hii haimgusi kabisa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta Watanzania wazima milioni 2.6 wanatumia tumbaku, asilimia 14.6 ya wanaume na 3.2 ya wanawake. Hawa wote hatuwezi kuwatumia video halafu tukaondoka.

Kwa hiyo nilimwambia nini? Nilimwambia kichwa chake kizima. Kuitazama hamu ni bure na hakuna anayemkataza. Ikija, ahesabu pumzi, asubiri dakika chache, aone kama haitashuka. Ila asiende vitani na silaha hiyo peke yake. Apange siku ya kuacha. Awaambie wenzake wasimkatie. Aende kituo cha afya aseme wazi kwamba anataka kuacha, na aulize habari ya dawa. Akianguka, aanze upya bila kujitukana.

Tena angalia kitu kimoja kwenye jaribio lile la 2011: watu walikaa chumba kimoja mara nane, wakasikilizwa, wakaulizwa umefikia wapi. Simu ilipochukua nafasi ya chumba, ule ushindi haukuonekana. Siwezi kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu, maana tafiti hizi mbili zinatofautiana kwa mengi. Lakini ningekuwa na hela ya kupima jambo moja hapa Bagara, ningeanzia hapo: madereva kumi, benchi moja, mara mbili kwa wiki, na dawa mkononi.

Video itazame tu, imetengenezwa vizuri. Ila ukimtumia mtu wako, usiishie hapo. Muulize kesho yake amefikia wapi.