Picha kama Mkalimani: Tahakiki ya French in Action kwa Anayejifunza Nyumbani Shinyanga

French in Action, kozi ya video ya vipindi 52 iliyoandaliwa na Pierre Capretz wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1987, hufundisha Kifaransa kwa Kifaransa. Baada ya kipindi cha kwanza Kiingereza hakisimami tena katikati, jambo linalomfaa msemaji wa Kisukuma na Kiswahili. Hata hivyo, maana hubebwa na picha, nazo ni za Paris ya Mireille na Robert. Anayejifunza nyumbani Kahama hulazimika kuuelewa mji huo kabla ya kulielewa neno, ilhali Kifaransa anachokihitaji kiko jirani, katika bandari kavu ya Isaka inayohudumia mizigo ya Rwanda na Burundi. Tahakiki hii inahitimisha kwamba mbinu ya Capretz ifuatwe, bali mandhari yake ibadilishwe.