Fundi wa Kusikiliza Makosa

Mtoto wa miaka saba anaona "horse" (farasi) kitabuni, anasoma "house" (nyumba). Mwalimu mwenye watoto 30 darasani atamsahihisha na kusonga mbele, hana budi. Mwalimu wa tuisheni, aliyeketi naye meza moja, ananyamaza. Anaiacha sentensi ifike mwisho, kwa kuwa nyumba hiyo iko malishoni inakula majani, na huenda mtoto akashtuka mwenyewe na kurudi nyuma. Asiposhtuka, mwalimu ameshapata alichokitafuta: mtoto anashika herufi za mwanzo na za mwisho, za katikati anabahatisha. Kesho wataanzia hapo katikati.

Ufundi huu nauheshimu sana, na katika Croydon ulihitajika kweli. Hakuna manispaa ya London yenye watu wengi kuliko hiyo. Sensa ya 2021 ilihesabu karibu 391,000. Novemba 2020, korona ikiwa bado imeziyumbisha shule, halmashauri yake ilitangaza kuwa imeshindwa kusawazisha bajeti. Mwezi huohuo ikazinduliwa National Tutoring Programme, programu ya taifa ya tuisheni, iliyotengewa na serikali kuu pauni milioni 350 kwa shule za umma za England. Watoto walifundishwa mara nyingi watatu watatu. Ruzuku ikapungua mwaka hadi mwaka, mpaka shule zikawa zinabeba nusu ya gharama. Agosti 2024 programu yenyewe ikakoma.

Nasikitika ilivyokoma, maana ufundi huu haufanyiki kwa haraka. Marie Clay wa New Zealand, aliyebuni Reading Recovery, mpango wa kuwasaidia watoto wanaotatizika kusoma, miaka ya 1970, aliwataka walimu wake wakae wiki mbili za mwanzo bila kufundisha jambo jipya: wasome na kuandika na mtoto yale anayoyaweza tayari. Aliwafundisha pia kuweka alama kwa kila neno lililosomwa sawasawa, na kwa lililokosewa waandike hasa alichotamka mtoto. Njia yake imebishaniwa sana, na shule za England leo huanza na sauti za herufi. Lakini nidhamu ile ya kuandika kosa lilivyo, bila kulipamba, bado naiona ni hazina.

Kwenye hesabu uvumilivu huohuo unaonekana wazi zaidi. 52 kutoa 37, mtoto ameandika 25. Mwalimu hamwambii amekosa. Anamwambia, "Hebu nieleze ulivyofanya." Mtoto anaeleza kwa kujiamini: 7 toa 2 ni 5, 5 toa 3 ni 2. Kumbe hakubahatisha, amefuata kanuni yake, ndogo itolewe kwenye kubwa, kokote iliko. Basi vinaletwa vijiti: vifungu vitano vya kumikumi, na viwili pembeni. "Nipe 37." Vifungu vitatu vinatoka upesi. Kisha mkono unasita, kwani vijiti saba vinatakiwa na viwili tu ndivyo vilivyo wazi. Mwalimu anatamani kufungua kifungu kimoja, nani asingetamani, lakini hakigusi. Mtoto ndiye anayekifungua.

Baadaye anaandikiwa 63 kutoa 28, safari hii bila vijiti. Na kabla hajarudi darasani, mwalimu wa tuisheni anamwandikia mwalimu wa darasa mistari miwili: kanuni aliyokuwa akiifuata mtoto, na mahali alipoiacha, ili naye Jumatatu aanzie hapohapo.