Harufu Iko Gandani: Uchambuzi wa Jagi la Juisi ya Limau

Mwaka 1861, Isabella Beeton, mhariri wa London aliyekuwa na umri wa miaka 25, alitoa kitabu kinene cha kuendesha nyumba kiitwacho Book of Household Management. Humo, pamoja na maelekezo ya kusimamia watumishi na kupika nyama za kila aina, kuna mapishi mafupi ya kinywaji cha limau. Mahitaji yake hayazidi malimau, nusu ratili ya sukari, na maji yanayochemka yanayozidi lita moja kidogo. Jambo la kushangaza ni hatua ya kwanza. Kabla juisi haijatiwa jagini, mpishi anaambiwa achukue mabonge ya sukari na kuyasugua juu ya malimau mawili mpaka sukari iwe imenyonya mafuta yote ya ganda. Baada ya hapo sukari hiyo inawekwa jagini pamoja na iliyobaki, inaongezwa juisi ya malimau matatu makubwa au manne madogo bila kokwa hata moja, kisha maji ya moto yanamiminwa juu yake. Sukari ikiyeyuka, kinywaji kinachujwa kwa kitambaa chepesi na kuachwa kipoe.

Zaidi ya miaka 160 imepita, na bado kusugua sukari kwenye ganda ni hatua bora kuliko nyingi zinazofanywa leo kwa vyombo vya umeme. Limau humpa mpishi harufu na uchachu, lakini viwili hivi havikai sehemu moja ya tunda na havitoki kwa njia moja. Ukivitoa kwa pigo moja, harufu hupotea au uchungu huingia, na mara nyingi yote mawili hutokea.

Inafaa kuanza na uchachu, kwa sababu ndio rahisi kupatikana. Unatokana na asidi ya sitriki, ambayo mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliitenga kutoka kwenye juisi ya limau mwaka 1784. Lita moja ya juisi ya limau ina takriban gramu 48 za asidi hiyo. Juisi ya ndimu inakaribia sana hapo, takriban gramu 46. Kwa hiyo mtu anayekamua tu, akatia maji na sukari, anapata uchachu wa karibu kiwango kilekile, awe amenunua malimau makubwa ya manjano au ndimu ndogo za kijani. Kinachoyafanya matunda haya mawili yasifanane puani kimo hasa kwenye ganda.

Ganda la limau lina tabaka mbili. Ile ya nje, yenye rangi, imejaa vifuko vidogo mno vya mafuta. Ya ndani ni nyeupe, laini kama sponji, na haina harufu ya maana. Anayetaka kuyaona mafuta hayo akunje kipande cha ganda bichi karibu na mwali wa mshumaa: yataruka kama mvuke na kuwaka kwa cheche. Ndani ya mafuta hayo mna sitrali, kiasi kidogo tu cha jumla yote, lakini ndiyo inayomfanya mtu aseme bila kufikiri kwamba hili ni limau. Mafuta hayo hayachanganyiki na maji. Mtu anapokata tunda na kulikamua kwa mkono, machache huponyoka yakaingia kwenye juisi, na mengi hubaki kwenye maganda yanayoishia jaani.

Hapo ndipo sukari ya Beeton inapofanya kazi ambayo wengi hawaitarajii. Enzi zake Uingereza ilikuwa ikiuza sukari kwa mapande magumu yaliyovunjwa kutoka kwenye donge kubwa lenye umbo la pia. Ukisugua pande la namna hiyo kwenye limau, ncha zake kali zinapasua vifuko vya mafuta, na mafuta yakitoka hayana pa kwenda ila kwenye sukari yenyewe. Sukari pia huvuta maji kutoka kwenye ganda, nayo huibuka na harufu zaidi. Mkononi mwa mpishi inabaki sukari yenye unyevunyevu, rangi ya manjano hafifu, iliyobeba harufu yote. Tabaka nyeupe haijaguswa, na ganda lenyewe halilowekwi kwenye maji ya moto. Harufu imeingia jagini bila uchungu wake.

Uchungu ndio adui mkubwa wa juisi ya limau, na leo huingia mara nyingi kupitia blenda. Katika majiko mengi ya Dar es Salaam na Mombasa, ndimu hukatwa vipande na kutupwa ndani pamoja na maganda, tangawizi na maji, kisha mashine inaachwa izunguke mpaka kila kitu kiwe uji. Juisi hiyo ikionjwa papo hapo huweza kuwa na harufu nzuri sana. Ikikaa saa kadhaa, mnywaji hukunja uso. Wengi hulaumu ndimu zenyewe, au sukari iliyopungua, na jagi linaongezwa sukari bila mafanikio.

Sababu halisi ni limonini. Tabaka nyeupe na ngozi zinazotenga pande za tunda zina kemikali ambayo yenyewe haina uchungu. Tunda likisagwa, kemikali hiyo inakutana na asidi ya juisi na kuanza kugeuka polepole kuwa limonini, ambayo ni chungu kiasi kwamba miligramu chache ndani ya lita moja zinatosha kuhisiwa na ulimi. Mgeuko huo huchukua saa, si dakika. Ndiyo maana juisi iliyosagwa adhuhuri huwa nzuri adhuhuri na chungu jioni. Kokwa nazo zina limonini kwa wingi, kwa hiyo agizo la Beeton la kuziondoa zote lilikuwa na msingi, ingawa hakulitolea maelezo.

Hata hivyo, blenda yenyewe haina kosa. Wabrazili wanaitumia kwa ustadi katika kinywaji wanachokiita limonada suíça. Ndimu kubwa za kijani hukatwa vipande vinne vinne na maganda yake, hutiwa maji baridi, sukari na mara nyingi maziwa mazito ya kopo, kisha huzungushwa kwa sekunde chache tu. Juisi inachujwa pale pale na kunywewa pale pale. Visu vinapasua vifuko vya mafuta haraka, mabaki ya ganda yanaondolewa kabla hayajatoa uchungu mwingi, na maziwa yanapunguza ukali wa kilichopenya. Kanuni yao inategemea muda: sekunde za kusaga na dakika za kunywa. Anayeiga kusaga kwao bila kuiga haraka yao anachukua nusu ya mapishi.

Mapishi ya Beeton nayo yana kasoro mbili zinazostahili kurekebishwa.

Kasoro ya kwanza ni maji yanayochemka kumiminwa juu ya juisi. Sukari inahitaji joto ili iyeyuke upesi, lakini juisi haihitaji joto lolote. Ikipashwa namna hiyo, harufu nyepesi zinaruka na mvuke, na ladha mbichi ya tunda inageuka kuwa ya kitu kilichopikwa. Sukari haina haja ya lita nzima ya maji moto. Maji huyeyusha sukari kwa wingi wa ajabu, karibu kilo mbili kwa lita moja hata bila kuchemshwa, ila kwa maji baridi kazi hiyo ni ya kukoroga kwa muda mrefu. Wapishi wa pwani wanaomwagia kaimati shira wanalijua vizuri jambo hili: kikombe kidogo cha maji ya moto kinatosha kuyeyusha sukari ya jagi zima. Shira ikishapoa ndipo juisi inapoingia.

Kasoro ya pili ni sukari nyingi. Tukikadiria mililita 50 za juisi kwa limau kubwa, mapishi yake yanatoa karibu lita 1.4 za kinywaji chenye gramu 16 za sukari kwa kila mililita 100. Hiyo inazidi soda za kawaida, ambazo huwa na gramu 10 au 11. Asidi nayo ni kidogo, gramu 5 tu kwa lita. Kinywaji kinakuwa kitamu kizito ambacho hakikati kiu.

Uwiano unaofaa zaidi kwa jagi la nyumbani ni juisi mililita 200, sukari gramu 150 na maji lita moja. Hapo sukari inashuka hadi karibu gramu 12 kwa mililita 100, na asidi inapanda hadi zaidi ya gramu 7 kwa lita. Kipimo kinachoaminika ni cha juisi, wala si cha idadi ya matunda, kwa sababu ndimu za kiangazi na za masika hazifanani kwa maji. Gramu 12 zinaweza kuonekana bado nyingi, lakini barafu itapunguza. Barafu ikiyeyuka inaongeza maji, na baridi yenyewe hupunguza utamu ulimini. Mwaka 2005 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba mlango wa ujumbe wa utamu katika chembe za ulimi hufanya kazi kwa nguvu zaidi kitu kikiwa na joto. Juisi inayoonjwa vuguvugu ikaonekana sawa itakuwa imepooza ikishatiwa barafu. Inapaswa kuonjwa ikiwa baridi, katika hali itakayonywewa.

Sukari inayouzwa madukani Afrika Mashariki ni ya chembechembe, si ya mapande, kwa hiyo mbinu ya kusugua inahitaji kugeuzwa. Badala ya kupeleka sukari kwenye tunda, ganda linapelekwa kwenye sukari. Malimau yanaoshwa vizuri, hasa yale yaliyosafirishwa mbali ambayo mara nyingi hupakwa nta ili yang'ae. Kisu kikali kinamenya ganda la nje kwa vipande vyembamba, mpishi akiwa mwangalifu asichukue tabaka nyeupe. Vipande hivyo vinawekwa kwenye bakuli pamoja na gramu 150 za sukari na kufikichwa kwa vidole mpaka sukari ianze kunukia na kushikamana. Bakuli linafunikwa kwa saa moja au zaidi. Likifunuliwa, sukari imelowa. Maji ya moto mililita 150 yanatiwa, yanakorogwa mpaka chembe zote ziyeyuke, na maganda yanachujwa mara moja yasiendelee kulowa.

Ndimu za pwani zinahitaji mkono mwingine. Hizi ndizo zile ndogo ambazo Wamarekani huziita kwa jina la visiwa vya Keys vya Florida, na ganda lake ni jembamba mno kwa kisu. Njia nyepesi ni kulikwaruza juu juu kwa kikwaruzio chenye matundu madogo, rangi ya kijani itoke na weupe ubaki kwenye tunda. Ndimu tatu au nne zilizokwaruzwa zinatosha jagi zima, kwa kuwa harufu yake ni kali kuliko ya limau.

Baada ya hapo ndipo matunda yanakatwa. Kuyabingirisha mezani kwa kiganja kabla ya kukata kunapasua vijifuko vya ndani na kuongeza juisi inayotoka. Ni vyema kukamua kwa nguvu ya kadiri: anayeminya mpaka tone la mwisho anaminya pia ngozi na tabaka nyeupe. Juisi inapita kwenye chujio la chai, kokwa zinabaki juu. Chombo kiwe cha kioo, plastiki au chuma kisichoshika kutu. Sufuria za alumini, zilizojaa majikoni kwetu, hazifai kuhifadhi juisi hii kwa sababu asidi hula alumini na kuacha ladha ya chuma. Maji ya kuongezea, pamoja na ya kugandisha barafu, yawe yamechemshwa na kupozwa. Asidi ya limau haiwezi kutegemewa kusafisha maji machafu.

Juisi ikiwa bado ina uchungu kidogo, chumvi husaidia kuliko sukari. Utafiti wa Paul Breslin na Gary Beauchamp uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba chumvi huzima uchungu na hivyo kuacha utamu ujitokeze. Watu wa pwani, wanaokula embe bichi kwa chumvi na pilipili, hawatahitaji kushawishiwa. Kiasi chake ni kile kinachoshikwa kwa vidole viwili kwa jagi zima, kisihisiwe kabisa kama chumvi.

Mbinu hii ya kutenganisha harufu na uchachu inaleta faida kubwa zaidi panapokuwa na watu wengi na saa maalumu, kama futari ya Ramadhani. Sitrali haivumilii asidi kwa muda mrefu. Ikikaa ndani ya kinywaji kichachu hubadilika na harufu mbichi hufifia, hasa nje ya friji. Kwenye shira, ambako hakuna asidi ya juisi, hudumu vizuri zaidi. Kwa hiyo maganda na sukari vinaweza kufikichwa asubuhi, shira ikachujwa na kuwekwa kwenye friji ndani ya chupa iliyofungwa. Ndimu zinakamuliwa baada ya alasiri. Shira, juisi na maji baridi vinakutana jagini robo saa kabla ya adhana ya magharibi, na barafu inatiwa ya mwisho, glasi zikiwa tayari mezani.