Mgeni wa Diski: Istilahi za Hifadhi ya Nje na Ruta ya Nyumbani

Katika miaka ya karibuni ruta zisizotumia waya zimeingia katika nyumba nyingi za mijini, na nyuma ya baadhi yake pana tundu la USB ambalo mwenyewe hulitazama tu bila ya kulitumia. Tundu hilo si pambo. Mtu akichomeka humo diski ya nje, kompyuta na simu zote za nyumbani zaweza kusoma na kuandika katika diski hiyo moja. Kazi yenyewe si kubwa: kufungua ukurasa wa ruta kwa anwani yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kuingiza nenosiri, kisha kuchagua nani aruhusiwe nini. Ugumu huanza anapoyasoma maelekezo kwa Kiswahili. Tumepitia maelekezo ya namna hiyo pamoja na menyu zilizofasiriwa, na twaona ipo haja ya kuyahakiki, kwa kuwa hapa neno baya halimchukizi mwanasarufi peke yake. Humpotezea mtu mali yake.

Juu ya jina la kifaa chenyewe hatutagombana sana. Wako wanaokiita kipanga njia, na wako wanaokiita kisambaza data. La kwanza laeleza kazi ya ndani, yaani kuchagua njia ya kupitishia data, kazi ambayo mwenye nyumba haioni. La pili laeleza anachokiona. Watu wenyewe wamekwisha kusema ruta, kama walivyosema redio na kompyuta, nasi twafuata watu. Lakini kiendeshi kwa maana ya diski ya nje hatulikubali. Diski haimwendeshei mtumiaji kitu; yamhifadhia. Isitoshe, neno hilohilo tumelikuta likitumiwa kwa programu inayoiwezesha kompyuta kukitambua kifaa, hata msomaji akalazimika kutafuta kiendeshi cha kiendeshi. Diski ya nje yatosha, na likitakiwa jina la kujumlisha flashi pia, hifadhi ya nje.

Neno linalotutia hofu ni kuumbiza. Waliolibuni walikuwa na hoja: umbo, umbiza, umbizo ni mlolongo ulionyooka, na kwa maana ya mpangilio wa maandishi katika ukurasa lafaa. Kosa ni kulibeba lilivyo hadi kwenye diski, eti kwa kuwa Kiingereza kina neno moja kwa mambo yote mawili. Ruta haisomi kila mpangilio wa faili. Nyingi husoma FAT32 na NTFS. Diski iliyoandaliwa kwa APFS ya kompyuta za Apple kwa kawaida haitambuliwi. Hapo mtumiaji huelekezwa aiumbize. Mwalimu aliyeweka humo mitihani ya miaka kumi asome nini katika agizo hilo? Kuumba ni kuleta kitu kilichokuwa hakipo. Ni neno la heri. Atakubali, na faili zake zote zitaondoka. Sisi twapendekeza kufuta na kuandaa upya. Ni maneno manne mahali pa moja, na twajua wafasiri hulalamikia ufinyu wa vitufe. Kitufe na kipanuliwe.

Kushiriki nako kwahitaji kusahihishwa, japo madhara yake ni madogo zaidi. Kushiriki ni kuwa na fungu katika jambo: twashiriki mazishi, twashiriki mkutano. "Shiriki folda" basi yamwamuru msomaji ajiunge na folda, ilhali linalotakiwa ni awape wengine ruhusa ya kuitumia. Kauli ya kutendesha ipo. Mtu humshirikisha mwenzake. Ingewezekana pia kusema folda ya shirika, kama isemwavyo mali ya shirika kwa mali ya wenye fungu wengi, lakini siku hizi shirika limekwisha kuwa la umma au la bima, na msomaji atadhani folda hiyo ni ya mwajiri wake.

Kisha lipo neno mgeni. Menyu yauliza: "Ruhusu mgeni?" Kwa mila zetu ni nani atakayejibu hapana? Mgeni hupokewa mzigo na kutandikiwa. Kumbe mgeni wa ruta ni mtu yeyote asiyedaiwa nenosiri, na huduma ya FTP ikifunguliwa kuelekea nje, mtu huyo aweza kuwa popote duniani. Haya si mambo ya kufikirika. Mwezi wa Februari 2014 wadukuzi walizifikia hifadhi zaidi ya 12,900 zilizounganishwa na ruta za ASUS. Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ilipotangaza hati yake ya mashtaka mwaka 2016, ilitaja kasoro za programu, na pia ilitaja menyu: chaguo lililotangulizwa lilimpa kila mtu wa intaneti haki zisizo na kikomo, wala maelezo hayakumwonya mwenye diski. Kampuni ilikubali kukaguliwa na wakaguzi wa kujitegemea kwa miaka 20. Ikiwa waliosoma menyu hizo kwa lugha zilimoandikwa walipotoshwa, wale wanaosoma tafsiri yake wako mahali gani? Mahali pa mgeni twapendekeza "Fungua bila nenosiri".

"Ondoa kwa usalama" ina udhaifu mdogo tu. Kitufe hicho hakiondoi kitu. Huifanya ruta iache kuandika, ndipo mkono wa mtu uondoe. Tenganisha lingefaa zaidi. Na umeme ukikatika katikati ya kuandika, hakuna kitufe wala istilahi itakayosaidia. Kwa hilo maelekezo yangeongeza sentensi moja, kwamba nakala ya pili ikae nje ya diski hiyo.