Mswada Si Daftari la Mtihani

Istilahi za kazi ya uandishi tunazo, lakini matumizi yake yamechanganyika, na wanaopata hasara ni waandishi chipukizi. Mwandishi anapompa mwenziwe hadithi, husema: "Nisahihishie." Aombwaye kusahihisha hutafuta makosa, akayakata kwa wino mwekundu kama afanyavyo mwalimu darasani.

Na tumtazame mwandishi wa Samuye, katika Wilaya ya Shinyanga, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma. Katika hadithi yake, kijana anaingiza ng'ombe katika ngitili kabla ya wakati, na mjane anamkaribisha mgeni kwa michembe. Msahihishaji anakata "ngitili" na kuandika "malisho". Anakata "michembe" na kuandika "viazi". Sentensi zimekuwa sanifu, lakini hadithi imekufa. Ngitili ni eneo linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Kijana yule amevunja mapatano ya wenziwe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani. Mjane yule ametoa akiba yake. Yote hayo yamefutwa pamoja na maneno mawili.

Haifai kudai kwamba kila neno la nyumbani libaki. Yafaa kuuliza ni nani mwenye kuamua. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Uamuzi ulikuwa mikononi mwa mtu aliyeujua ulimwengu wa hadithi yenyewe.

Kwa hiyo yafaa tutenganishe kazi hizi. Kuhakiki ni kupima kazi iliyokwisha kutolewa kwa wasomaji. Kuhariri ni kuitengeneza pamoja na mwandishi kwa ajili ya kuchapwa. Kusahihisha ni kuondoa makosa ya tahajia na sarufi, nako kuje mwisho. Kabla ya yote hayo ipo kazi ambayo twapendekeza iitwe usomaji wa mswada, na chombo chake kiwe swali, si kalamu nyekundu. Asili ya neno "mswada" katika Kiarabu ni karatasi iliyotiwa weusi wa wino, yaani maandishi ambayo bado hayajanakiliwa safi. Hata mswada wa sheria husomwa Bungeni zaidi ya mara moja kabla ya kupitishwa. Itakuwaje hadithi isomwe mara moja tu, tena na mtu mmoja?

Mwandishi wetu atafute wasomaji wawili: mmoja wa Samuye, na mwingine wa mbali, tuseme Tanga au Unguja. Awaulize wote: Umekwama wapi? Umechoka wapi? Mhusika gani humwamini? Wanapojibu, asijitetee, bali aandike. Wakikwama wote mahali pamoja, sehemu hiyo iandikwe upya. Akikwama yule wa Tanga peke yake kwenye "ngitili", neno libaki, ila kitendo katika sentensi inayofuata kionyeshe maana yake. Akilalamika yule wa Samuye kwamba ngitili haifungwi hivyo, hapo kosa ni la hadithi yenyewe, wala hakuna kamusi itakayolirekebisha.