Kuipa namba 139 maneno

Karani wa ghala la maharage hapa Ngaramtoni alinipigia simu akanisomea kilichokuwa kwenye skrini: "Imekufa, 139." Programu ile ya kujumlisha uzito wa magunia niliiandika mwenyewe kwa lugha ya C. Mimi nilielewa. Sheli ya Linux huchukua namba ya ishara iliyoiua programu, ikaongeza 128. Kwa hiyo 139 ni ishara ya 11, SIGSEGV, programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. Lakini karani angejuaje?

Programu mama, yaani ile inayoianzisha programu nyingine, ikiwa ya C, hesabu ya 128 haihitajiki. Humngoja mtoto, yaani programu iliyoianzisha, kwa waitpid, huuliza kwa WIFSIGNALED kama ameuawa na ishara, kisha WTERMSIG hutoa namba yenyewe.

Hapo ndipo wengi hukosea: huandika jedwali lao la namba na maneno. Kwenye Linux ya kompyuta zetu za kawaida, 10 ni SIGUSR1. Kwenye macOS, 10 ni SIGBUS, ambayo Linux huiita 7. Jedwali la kunakili litamdanganya mtu siku programu itakapohamia mashine nyingine. Uliza mfumo wenyewe kwa strsignal, iliyoingia katika kanuni za POSIX mwaka 2008, na ambayo hukaa kwenye string.h. Wazee wa C walizoea kusoma jedwali la sys_siglist moja kwa moja, lakini maktaba ya C ya glibc 2.32 ya mwaka 2020 ikaifungia programu mpya mlango huo. Usiiite strsignal ndani ya kishika-ishara, maana usalama wake humo hauna dhamana.

Lakini mimi nilitaka maneno hayo yawe ya Kiswahili, kama mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulivyoipa OpenOffice Kiswahili mwaka 2004. Nikatumia switch yenye majina, case SIGSEGV, case SIGTERM, nikiacha kompaila ijaze namba. Zilizobaki zinaangukia strsignal. Kuchagua maneno kulinichukua jioni nzima. Kiingereza husema "Terminated" pasipo mtenda wala mtendwa. Kitenzi chetu hudai ngeli. SIGTERM ikawa "Programu imeombwa ijifunge". SIGKILL, "Programu imezimwa kwa nguvu, huenda kumbukumbu ya kompyuta imejaa", kwa kuwa kerneli hutumia ishara hiyo hiyo ya 9 RAM inapokwisha.

Wiki iliyofuata karani hakunisomea namba. Alisema, "Inaniambia kumbukumbu imejaa, nifunge nini?"